Bwana Ameota Tanuri la Dada Yangu

Kwa Mheshimiwa Karani Mkuu,
Baraza la Malkia,
Jumba la Juu.

Mheshimiwa,

KUHUSU: BWANA WA NGOME NA USINGIZI WAKE

Natumai u mzima, Malkia ni mzima, na joka wake wa mlangoni amepona kile kikohozi kilichounguza mapazia. Huku kwetu tupo, ila roho ziko juu juu.

Huenda hunijui kwa sura, lakini kazi yangu umeisikia. Mimi ndiye fundi kengele niliyesubu kengele ya mnara wa mashariki, ile iliyolia siku moja kwa nguvu hadi jitu lililolala mlimani likaamka na kuomba radhi. Shule niliiacha mapema, si kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alinitazama akasema, "Wewe nenda nyumbani, nimechoka," nikaelewa kwamba amemaliza yote aliyokuwa nayo ya kunifundisha.

Sasa niende moja kwa moja. Katika himaya yetu iko sheria ya zamani: kitu chochote atakachokiota Bwana wa Ngome usiku, kikikucha ni chake. Kando ya kitanda chake huketi Mpokea Ndoto, na Bwana akizinduka, huyo huenda langoni, hupiga baragumu na kututangazia. Sheria yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Babu zetu waliikubali kwa sababu Bwana wa wakati ule alikuwa mtu wa kukosa usingizi. Maskini, maisha yake yote aliambulia bata mmoja na ngazi. Lakini huyu wa sasa, Mheshimiwa, analala kama gogo.

Na juzi ameota tanuri la dada yangu.

Dada yangu ni mjane, mwoka mikate, ana mabinti wawili wanaokula kama wapanda farasi. Chini ya tanuri lake anaishi kijoka mmoja wa makamo, mvivu kidogo. Dada akimkuna kidevuni hutoa moto mdogo wa mikate mikubwa. Akimtekenya tumboni hutoa moto mkali wa maandazi. Mtaa wa waokaji una kanuni yake: asiye na tanuri hana haki ya kukaa pale. Kwa hiyo likichukuliwa tanuri, nyumba nayo imekwenda. Mkokoteni wa ngome unakuja keshokutwa alfajiri. Ndiyo maana nimeshika kalamu, nikiwa na malalamiko haya:

1. Bwana anaota mchana. Sheria inasema usiku. Siku hizi akishashiba chakula cha mchana, madirisha hufungwa, mapazia hushushwa, na Mpokea Ndoto hutoka kibarazani kutangaza, "Usiku umeingia!" huku kuku wanadonoa uani. Kinu cha msaga unga kilikwenda hivyo hivyo. Msaga unga alipiga kelele, "Lakini jua hilo hapo!" Akajibiwa, "Hilo ni jua la usiku." Tangu siku hiyo akitoka nje mchana hubeba taa, asije akashtakiwa.

2. Bwana anajiandaa kuota. Mtu hawezi kuota kitu asichokiona, na hilo lilikuwa linatuokoa. Seremala alimpaka punda wake masizi akamfundisha kuchechemea, na punda akasalimika, ingawa hadi leo anachechemea, ameshazoea. Lakini sasa Bwana anapita nyumba kwa nyumba kabla ya kulala, anafunua vyungu, anabonyeza magodoro, anasema, "Hiki nitakiota." Mheshimiwa, hiyo si ndoto tena. Huko ni kwenda sokoni bila kikapu.

Hata karakana yangu alifika. Nami, kwa kuwa nimelelewa nikaleleka, sikutaka mgeni akae kimya. Nilimweleza tu kwamba katika falme zote hakuna tanuri kama la dada yangu, kwamba mikate yake ni myepesi mpaka huifunga kwa kamba isipae, na kwamba mfalme mmoja wa mbali aliwahi kulia machozi alipofika kwenye ganda. Alipouliza njia nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa dada, kama muungwana yeyote. Dada anasema, "Kaka, Bwana hakuota chochote. Mdomo wako ndio ulioota." Ana uchungu, simlaumu.

3. Ndoto zake zinanenepa baada ya kutangazwa. Aliota zizi tupu. Kufika jioni ikakumbukwa kwamba ndani ya ndoto ilisikika sauti ya ng'ombe, ng'ombe wakachukuliwa. Kesho yake ikakumbukwa harufu ya nyasi, malisho yakachukuliwa. Kisha Mpokea Ndoto akakumbuka, na wala aliyeota si yeye, kwamba upepo ulikuwa ukivuma kutoka magharibi. Watu wa magharibi sasa wanalala sebuleni kwangu. Mmoja anakoroma vibaya sana.

4. Hakuna pa kukatia rufaa. Dada alivaa nguo yake nzuri akapanda ngomeni. Nilikuwa nyuma yake, kwa mbali kidogo, nikilinda njia. Mpokea Ndoto akamwambia kwamba anayepinga ndoto ni lazima awe alikuwemo ndani yake.

"Kwani mimi sikuwemo?" dada akauliza.

"Hukuwemo, mama."

"Na tanuri lilikuwa linawaka?"

"Linawaka vizuri kabisa."

"Sasa nani alikuwa anaoka?"

"Mikate ilikuwa inajioka yenyewe."

Dada alishuka ngazi zote zile, akafika nyumbani, akaanza kukanda unga wa kesho kana kwamba hakuna kilichotokea. Mabinti wakamuuliza wafunge nini na nini. Akasema, "Fungeni midomo."

5. Na hapa ndipo penye uzito, naomba usome ukiwa umeketi. Usiku wa kuamkia leo mimi nimeota ngome. Nzima, pamoja na mnara, bustani na samaki wa bwawani. Nilimwona Bwana mwenyewe anabeba makaa ya kijoka, jasho linamtiririka, na dada ameketi anamwambia, "Ongeza mwendo, baba." Shahidi ni mke wangu, aliyenisikia nikisema usingizini, "Weka funguo hapo." Yeye anadai nilisema, "Niondolee miguu," lakini yeye naye alikuwa na usingizi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba moja kati ya mawili. Ama ndoto za Bwana zisihesabiwe kabisa, ama na za kwetu zihesabiwe. Kama ni hili la pili, basi Bwana ahame keshokutwa kabla mkokoteni haujatoka. Nguo zake achukue. Kitanda akiache, nitakihitaji kwa kazi. Nami naahidi nitaota kwa kiasi, vitu vidogo vidogo, na kwa watu wenye uwezo tu.

Nisalimie Malkia, wapishi wake, walinzi wa zamu, na yule mlinda lango aliyewahi kuniambia nisirudi tena. Mwambie sina kinyongo.

Ndimi mnyenyekevu wako ambaye Malkia angemfurahia sana kama wangekutana,

Fundi Kengele, kaka wa Mwoka Mikate

TANBIHI: Kabla sijaifunga bahasha, Mpokea Ndoto amepita hapa karakana. Bwana ameniota! Si kengele, si nyundo, ni mimi mwenyewe, na masharubu yangu. Tangu ngome ijengwe hajapata kuotwa mtu. Niliuliza mara mbili kama hawakunifananisha, nikahakikishiwa kwamba masharubu yalionekana waziwazi. Kwa hiyo namba moja hadi tano uzichukulie kama maneno ya mtu aliyekuwa hajaelezwa sheria vizuri. Ukiikaribia, si sheria mbaya. Nimepewa koti la vifungo vya shaba na kazi ya kutangulia mbele ya mkokoteni. Naanza keshokutwa alfajiri, mtaa wa waokaji. Wamenichagua mimi kwa sababu siku hizi dada anafunga mlango kwa makomeo na hamfungulii mtu yeyote, lakini akisikia sauti yangu hufungua bila kuuliza.