Wiki Niliyomnenepesha Meneja

Jumapili, 7 Juni

Mama mkwe ameondoka asubuhi kwenda kumwona shemeji aliyejifungua. Ametuachia sungura wake, Meneja. Jina limemkaa. Anakaa tu, anatafuna, na kila mtu anamtumikia. Mweupe, masikio ya kahawia, uso wa mtu aliyeletewa faili asilotaka kulisoma.

Maagizo yalitolewa mlangoni, mkoba ukiwa begani. Nyasi kavu ziwepo saa zote. Majani mabichi kiasi cha kujaza kiganja. Maji safi. Karoti ni ya kuonja tu. Kisha akanigeukia mimi peke yangu: "Na wewe, baba, usimbunie kitu."

Mimi! Kubuni!

Jumamosi kuna maonyesho ya wanyama wa nyumbani kwenye ukumbi wa mtaa. Kikombe cha sungura bora hakimtoki jirani yetu, Daktari wa Meno. Anakiweka dirishani. Dirisha la upande wetu! Basi mwaka huu dirisha hilo litabaki tupu. Nitamnenepesha Meneja mpaka majaji wakose maneno. Mke wangu sijamwambia. Ana kazi nyingi.

Jumatatu, 8 Juni

Jambo la kutisha. Alfajiri nimemkuta Meneja ameingiza kichwa katikati ya miguu, anakula kinyesi chake mwenyewe. Laini, kinang'aa, moja kwa moja kutoka mtamboni! Maskini. Njaa imemfikisha hapo. Mama mkwe ni mtu mwema, ila mkono wake mzito.

Nimempa biskuti. Ameila kama anayefukuzwa. Nimempa nyingine. Kisha ndizi. Kisha mkate wenye jemu. Akanitazama kwa jicho la upendo, jicho ambalo sijalipata nyumba hii tangu nilipolipaka jokofu rangi ya chungwa.

Mke wangu anashona sare za shule na msimu umepamba moto. Yuko chumba cha mbele na cherehani yake. Hajaona kitu. Safi.

Jumanne, 9 Juni

Mashavu yamejaa. Nimegundua kasoro ya mpango mzima wa mama mkwe: nyasi! Zinajaza tumbo bure, zinakalia nafasi ya keki. Nimeziondoa kizimbani nikazificha nyuma ya tangi la maji. Nimempa keki.

Daktari wa Meno akachungulia juu ya ukuta. Akauliza kama mgeni wetu anakula nyasi vizuri. Akasema meno ya sungura hayaachi kukua na tumbo lake halitakiwi kusimama, na nyasi ndizo zinazoyasaga meno na kulisukuma tumbo. Mpelelezi huyo! Nikamjibu kwamba sisi tuna mbinu zetu. Akasema pole.

Pole ya nini?

Jumatano, 10 Juni

Ushindi unanukia. Kizimba kisafi kabisa! Hakuna hata kipira kimoja cha kinyesi. Sungura wa watu wengine wanatapakaza kila kona. Huyu ameshaelewa kwamba anakwenda mashindanoni. Hiyo ndiyo nidhamu.

Nimempeleka studio kwa picha rasmi. Kazi yangu ni kupiga picha, hasa za pasipoti. Nalipwa kuwaambia watu wasicheke. Sijawahi kupata mteja kama Meneja. Hakutikisika. Alijikunyata kama mpira, macho nusu, akawa anasaga meno polepole. Anatafakari, nikajiambia. Nikamwekea biskuti puani, akageuza uso. Kumbe ana kiasi pia!

Nikarudi nyumbani kumwonyesha mke wangu picha. Hakuitazama. Alimtazama sungura. Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Amekunya lini mara ya mwisho?"

Nikasema hapo ndipo pazuri, hajakunya tangu jana.  Alikuwa ameshavaa viatu.

Alhamisi, 11 Juni

Jana sikuwa na nguvu ya kuandika yaliyofuata.

Daktari wa wanyama ni mwanamke mfupi, mikono ya koti imekunjwa mpaka viwikoni. Alimbonyeza Meneja tumbo, akalisikiliza pande zote. Akasema tumbo la sungura mzima linanguruma muda wote. La huyu lilikuwa kimya kama ofisi iliyofungwa. Akampiga picha ya ndani kuona kama kuna kitu kimeziba. Hakuna. Utumbo umesimama tu, umejaa gesi.

Akatuambia sungura akiacha kula na kunya ni dharura, haingojwi kesho. Hata kutapika hawezi. Na kule kujikunyata na kusaga meno ni maumivu.

Maumivu! Nami nimeyachapisha kwenye karatasi ya kung'aa.

Kisha akauliza amekula nini. Nikasema nyasi. Alimpangusa Meneja kidevu, akaninyooshea kidole kilichonata.

"Nyasi zenu zina jemu?"

Mke wangu akavuta kiti chake mbali na changu. 

Nikajitetea kwamba alikuwa anakufa njaa, mpaka anakula kinyesi. Daktari akashusha pumzi. Kile kinyesi laini, akasema, ni chakula chake. Kinapita mara ya pili ili apate virutubisho vilivyobaki. Sungura wote wazima hufanya hivyo. Yaani nilimkuta ana afya njema nikamtibu!

Amechomwa sindano ya maumivu, ametiwa maji chini ya ngozi, amepewa dawa ya kuuamsha utumbo. Nyumbani tumlishe uji wa unga wa nyasi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo asije akapaliwa. Tumkande tumbo polepole. Tumwache atembee. Akasisitiza kwamba haya yote ni kwa sababu amekwishapimwa. Kama utumbo ungekuwa umeziba, uji na kukanda vingemwumiza zaidi.

Nyasi nimezirudisha. Mke wangu aliniuliza zilikuwa wapi. Nikasema upepo.

Ijumaa, 12 Juni

Asubuhi hakuna kitu. Nimelisha, amenitemea uji shati zima. Nimekanda. Hakuna kitu. Nimemtembeza sebuleni, amejilaza chini ya meza ya cherehani.

Mama mkwe akapiga simu. Akaomba simu iwekwe sikioni kwa Meneja. Nikapiga magoti nikaishika.

"Mume wangu," akamwambia, "unakula lakini? Nakuja, mume wangu. Usinichoke."

Tangu baba mkwe afariki, huyu mnyama ndiye anayelala miguuni pa mama mkwe jioni wanaposikiliza redio. Nilikuwa najua. Sikuwahi kulifikiria. Nikamwachia mke wangu simu, nikatoka nje nikajifanya natafuta ndoo.

Niliporudi nikamkuta Daktari wa Meno jikoni, amekumbatia nyasi kavu mpya kabisa, zinanukia kama shamba. Hakuna aliyemwita. Alikuwa na kioo chake kidogo cha kazini. Akachungulia meno ya Meneja ya mbele na ya nyuma, akasema hayana shida. Akamviringisha kwa taulo akamshika. Mimi nikabonyeza bomba. Mke wangu akakanda. Watu wazima watatu sakafuni, tunamtazama sungura makalio.

Jua likielekea kuzama, Meneja akajinyoosha. Akageuka. Akatuachia kimoja. Kidogo, kikavu, kimepinda kama shanga iliyokosewa.

Nikapiga kelele! Mke wangu akalia na kucheka kwa pamoja. Mteja aliyekuja kuchukua sare akasimama mlangoni akauliza nani amejifungua. Daktari wa Meno akamwambia ni Meneja, na wote wanaendelea vizuri.

Kikaja kingine. Kisha Meneja akavuta unyasi mmoja mwenyewe, akautafuna mpaka ncha.

Jumamosi, 13 Juni

Maonyesho leo. Hatukwenda. Daktari wa wanyama amekataza kelele na safari. Sungura akishtuka tumbo lake linaweza kusimama tena. Vipira vinatoka, vinaongezeka ukubwa. Mke wangu anavisifia kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa kazi yangu.

Daktari wa Meno naye hakwenda. Alikuja kushika zamu ya bomba ili mke wangu amalize sare. Kwa kukosa sungura wa maana, kikombe kimechukuliwa na bata wa kinyozi. Bata!

Nimetafakari sana kwa nini jirani hakwenda. Mke wangu anasema ni utu. Mimi nadhani aliiona ile picha ya studio akaogopa.

Jumatatu, 15 Juni

Mama mkwe amerudi. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri yenye upepo ndani yake. Hayakuhitajika. Mke wangu alikuwa amemweleza yote kwa simu.

Hakufoka. Alikaa, akampakata Meneja, akaweka sikio tumboni mwake. Akasikiliza muda mrefu mpaka akatabasamu. Kisha akaomba aione picha.

"Hapa alikuwa anaumwa," akasema. "Anaonekana kabisa. Wewe hukumwona, mwanangu?"

 Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama taa za studio.

 Nimeapa mbele yake, mbele ya mke wangu, na mbele ya Daktari wa Meno aliyekuwa amekuja kusalimia. Sitamtibu tena mnyama asiyeumwa. Nitatazama anachokula, anachotoa na anavyokaa, na kikipungua kimoja nakwenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Mama mkwe amenishika mkono. Daktari wa Meno ameniita ndugu. Najisikia mtu mpya.

Alhamisi, 18 Juni

Kaka yangu amesafiri kikazi, ameniachia kobe wake. Anasema amesikia sasa mimi ni mtu wa wanyama. Habari husambaa!

Kobe mwenyewe ni mpole, ana gamba zuri. Lakini mwendo wake hauridhishi hata kidogo. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi ametumia taarifa ya habari nzima, na michezo. Uvivu huu si wa bure. Anakosa kitu mwilini.

Maagizo ya kaka nimeyasikiliza kwa makini, neno kwa neno, sikumkatiza. Majani. Maji. Jua la asubuhi.

Kahawa hakuitaja.