Nilivyopokea wageni wa serikali kwa viti vya Mama Mujinga

Leo nimejiaibisha mwenyewe, wala sikuhitaji msaada wa mtu. Nawaandikia nikiwa nimekaa kwenye ndoo, na mtaelewa kwa nini.

Mnajua hali yetu. Tangu mume wangu asimamishwe kazi mgodini, hapa nyumbani tunakula mara moja kwa siku, jioni. Watoto watatu. Kwa hiyo tuliposikia serikali inaandikisha familia zisizo na kipato, zipewe unga wa bukari (ndio ugali wetu), maharagwe na mafuta kila mwezi, nilikuwa wa kwanza kupeleka jina letu. Jana jioni shefu wa barabara yetu, kiongozi wetu wa mtaa, akapita mlangoni.

"Mama Ngalula, kesho asubuhi bantu ba serikali batakuya kuona nyumba yako. Ubapokee muzuri."

Niwapokee vizuri. Ndivyo alivyosema. Sikuongeza neno.

Sasa mimi nimelelewa na mama wa Kikasai. Kwetu mgeni hakalii ndoo. Mgeni anakaa kwenye kiti chenye mgongo, anakunywa kitu baridi, anaondoka akisifia nyumba. Na sisi tuna nini sebuleni? Ndoo, na benchi moja lenye miguu mitatu na nusu (ile nusu tumeitegemeza kwa tofali). Mume wangu aliniona nimeshika kiuno, nazunguka chumba kwa macho, akajua.

"Acha baone vile tuko," akasema.

Nikamwambia anyamaze, mwanaume asiye na haya. (Nitalijutia neno hilo mpaka Krismasi.)

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa Mama Mujinga, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mume wake anaendesha lori la mgodi na mshahara unaingia. Hapa mtaani Kapata kuazimana ni kawaida: kukiwa na msiba au sherehe ya mahari, viti vya barabara nzima vinahamia nyumba moja. Ndiyo maana kila mtu ameandika jina lake chini ya kiti kwa rangi, visije vikapotea. Mama Mujinga hakuuliza hata swali. Alinipa viti vyake vinne vya sofa, zulia, friji ndogo, televisheni, na vile vitambaa vyake vya kufuma. Nikaomba na jiko lake la makaa, kwa sababu langu limetoboka. Akatoa. Mume wangu alibeba vyote akipumua kwa pua.

Halafu nikachinja kuku. Kuku wetu wa pekee, yule anayetaga. (Msiniulize.)

Saa tatu wakafika, wawili: baba mmoja wa makamo mwenye tableti, na binti mwenye tableti yake. Kumbe wanapita kila nyumba, na ili wamalize barabara mapema wakagawana: baba akaingia kwangu, binti akaenda kwa jirani. Nilimkalisha yule baba kwenye kiti kikubwa kuliko vyote. Nikatoa soda kwenye friji. Nikaweka kuku mbele yake. Alikula vizuri, Mungu ambariki, huku macho yake yakitembea ukutani na kidole chake kikigusa tableti. Aliuliza kama friji inafanya kazi. Nikasema sana. Aliuliza kama televisheni ni ya rangi. Nikaiwasha aone mwenyewe. Mimi nilidhani ananisifia!

Akafuta mdomo.

"Munakulaka mara ngapi ku siku?"

Niambieni nyinyi. Mgeni ana paja la kuku mkononi, unamjibuje kwamba watoto wako wanalala na njaa?

"Mara tatu, tata."

Mume wangu alikohoa mpaka akatoka nje.

Hapo binti akarudi kutoka kwa jirani, uso umemshuka, karibu alie. Akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, lakini sebule yetu si kubwa.

"Kwa ule mama wa pembeni hakuna hata kiti. Batoto bako chini, banakula bukari ya jana, baridi. Anasema bitu byake biko kwa jirani. Iko na haya, maskini. Nimemuandika wa kwanza."

Mama wa pembeni ni Mama Mujinga! Yule baba alikuwa ameshasimama, ananishukuru, ananieleza taratibu kwamba huu msaada ni wa wale wasio na kitu, na mimi niko vizuri. Nikakipindua kiti alichokuwa amekalia, miguu juu, mbele ya wote. Chini, kwa rangi nyeupe: MUJINGA. Nikapindua cha pili. MUJINGA. Soda ikamwagika kwenye zulia (la Mujinga).

"Na frigo?" akauliza.

"Ya Mujinga."

"Televizo?"

"Ya Mujinga."

"Na kuku?"

"Kuku ilikuwa yangu."

Binti alitazama dari. Yule baba alinionea huruma kweli, nilimwona. Lakini alisema majibu yakishatumwa hayarudi, na mwenye malalamiko aende ofisi ya komini, manispaa yetu. Wakatoka. Majirani walikuwa wamejaa dirishani kama kuna harusi.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mgeni amekuja, ameshiba, mwenyeji ameumia. Mama Mujinga alipokuja kuchukua vitu vyake alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona macho yangu akafuta machozi ya kicheko. Ameniapia kwamba gunia likifika atanigawia. Nimemshukuru, lakini inaniuma. Nimemlisha mtu wa serikali kuku wangu ili jirani mwenye mshahara apewe unga wangu! Mume wangu hadi sasa hajanikaripia, na hilo ndilo linanitesa zaidi.

Kwa hiyo kesho naenda komini kuthibitisha kwamba sisi ni maskini. Mama Mujinga ameshaniazima kitenge chake kipya na viatu vya kisigino, maana ofisini huwezi kwenda hivi hivi.