Tarakimu Nane kwa Koti Jeupe

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa kiwandani! Mkemia wetu anatafuta msaidizi wa chumba cha vipimo. Feni, kiti, koti jeupe! Kwaheri pipa la sabuni, mwaka wa sita sasa linanichemsha uso. Tatizo ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Naye kaomba. Mtu niliyemfundisha mwenyewe kukoroga! Mtihani ni Alhamisi: kila mmoja apime mafuta, aseme mililita moja ina gramu ngapi. Nimeshamwambia mke wangu aanze kuhesabu hiyo kazi ni yetu.

Jumatano, 5 Machi

Nimempeleleza shemeji akifanya mazoezi. Anaandika tarakimu mbili tu! Mvivu wa kutupwa. Mimi nimeazima kikokotoo cha binti yangu, kinatoa nane. Mwenye nane na mwenye mbili, nani mpimaji? Roho yangu kwatu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Sote tulipata gramu 45 kwa mililita 49. Shemeji akaandika 0.92. Mimi 0.91836735! Nikaweka kalamu chini kwa madaha.

Mkemia akaniuliza hizo za mwisho nimezionea wapi, maana mizani yake inaishia gramu nzima. Nikajibu kwamba mkono wa mzoefu huhisi zilizobaki. Akasema haya, nihisi tena. Nikapima mafuta yaleyale, safari hii mizani ikaonyesha gramu 46: 0.93877551. Akataka kujua kama mafuta yamenenepa nikiwa nayo mkononi. Shemeji alikohoa kuficha kicheko. Koti kapewa yeye, na limemkaa vizuri, mshenzi yule. Nimeumia sana. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kaja kupongeza. Kamkumbatia mwanawe, kisha kanigeukia na kusema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mke wangu kaninong'oneza pole, akaniongezea sukari kwenye chai.

Ila kuna tumaini! Mkemia kasema mwezi wa sita atahitaji msaidizi wa pili. Kanishauri niandike kile mizani inachoonyesha, basi, nisiongeze changu. Nimeitikia kwa heshima zote.

Nimetafakari hadi chai ikapoa, na kosa nimeliona. Kikokotoo kile ni cha mtoto wa shule! Kesho natafuta cha watu wazima, chenye tarakimu kumi na mbili. Shemeji atanikoma.