Alama Ishirini na Saba za Shemeji Lencho

Jumatatu, 2 Juni

Mvua, jua, mvua tena. Viyoyozi vitatu vya kusafisha. Nimemaliza viwili. Cha tatu kilikuwa na nyoka ndani, na nyoka si kazi yangu.

Leo nimeishika rasmi kesi ya shemeji Lencho. Hakuniomba. Mkewe Lole, dada yangu wa damu, hakuniomba pia. Watu wenye shida kubwa hawajui kuomba.

Hesabu ni hii. Lencho: miaka ishirini na miwili jeshini, Irak mara mbili. Tangu miaka miwili iliyopita hatokei hata sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, yeye aliyekuwa akichoma nyama ya watu mia tatu peke yake. Amepewa vidonge vya aina mbili. Bure. Daktari wa kliniki moja kule Tamuning anataka kumjaribu kwa ketamini, dawa ileile ya kulazia watu chumba cha upasuaji, ila kidogo, kwa dripu, mara sita, mgonjwa ameketi kitini akiangaliwa. Ketamini ipo. Kiti kipo. Kinachokosekana ni Ofisi ya wanajeshi wastaafu, iliyoko Honolulu, kukubali kulipa. Aprili ilikataa.

Sababu? Maswali tisa. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu, jumla ishirini na saba. Wanataka ishirini. Lencho alipata sita! Muuguzi alimuuliza kama ana huzuni, akajibu hapana, ahsante, na wewe je, watoto hawajambo? Amelelewa vizuri mno. Mtu wa Hågat, kijiji chetu, ukimuuliza hali atasema nzuri hata kama nyumba inaungua mgongoni mwake.

Kuna jambo sipendi kuliandika. Mwezi uliopita Lole aliniletea bunduki ya Lencho ya kuwindia kulungu, ameizungushia taulo. Iko karakana kwangu, nyuma ya mitungi ya gesi. Hakusema kwa nini. Sikuuliza.

Zinatakiwa alama kumi na nne zaidi. Nilikuwa sajini wa stoo miaka kumi na minane. Nilipata matairi mahali pasipokuwa na barabara. Nitashindwa na alama kumi na nne?

Jumatano, 4 Juni

Nimepita ofisi ya meya kuchukua fomu mpya. Kosa. Eladio Mesngon yupo pale na meza, bendera na cheti kwenye fremu. Eti msaidizi wa wastaafu wa kijiji. Kesi alizopitisha mwaka huu: kumi na moja, kaziandika ubaoni kwa chaki ya rangi. Zangu: nne, na moja ni goti langu mwenyewe. Tofauti yetu ni meza tu. Kiyoyozi kinachompuliza nimekifunga mimi.

Ni mdogo wangu kwa miaka tisa. Hakuushika mkono wangu aunuse, kama wadogo wenye adabu wanavyowaamkia wakubwa. Alinipa ngumi, tugongane kama watoto wa shule! Kisha akaniambia kwa upole, ule upole wake wa kuudhi:

"Kaka Goyo, yule bwana ni mgonjwa kweli. Ukimshika wewe, ataonekana anaigiza."

Wivu.

Jioni nikaketi na Lencho barazani. Nikamsomea swali la kwanza, akasema yuko salama. La pili, akasema hawezi kulalamika, kuna waliorudi bila miguu. Nikaona tutakesha. Nikaandika mwenyewe. Tatu mara tisa, ishirini na saba. Alisaini bila kusoma, akaniuliza kama nimekula. Nimeituma saa mbili na dakika kumi.

Ijumaa, 6 Juni

Maafa.

Rozari ya mchana kwa Lole, siku ya sita ya kumwombea marehemu shangazi Remedios. Wanawake arobaini, mapepeo mkononi, sala ya tatu. King'ora! Gari la wagonjwa, wahudumu wawili na polisi, wanamtaka Lorenzo Naputi, yaani Lencho, haraka sana.

Kumbe swali la tisa linauliza kama mtu anaona afadhali afe. Nililijaza tatu. Sikulisoma. Nililihesabu.

Lencho akawapokea getini. Akawahakikishia hajambo kabisa. Akawatafutia viti kivulini. Wakala wali mwekundu, kuku wa ndimu na nazi, mbavu. Yule polisi akafungiwa sahani ya nyumbani, na ya mama yake. Wakaandika kwenye ripoti: mchangamfu, mkarimu, hana dalili.

Kwa hiyo faili sasa ina sita, ina ishirini na saba, na ina mchangamfu.

Lole akanijia na upawa mkononi, mbele ya wanawake wote arobaini, akitaka kujua nimeandika nini juu ya mume wake. Nikampa nakala. Akasoma taratibu. Alipofika la tisa akaacha kunigombeza. Akaenda jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi.

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 8 Juni

Honolulu wamejibu kwa barua pepe. Alama hazipatani. Daktari wao atamwona Lencho kwa simu ya video, tarehe tupendekeze sisi. Tukipenda, tuongeze ushahidi wa watu wanaomfahamu.

Ushahidi! Hapo ndipo penye kazi yangu. Nimewaandikia majirani barua kumi na moja kuokoa muda wao. Moja ya padri Ignacio, moja ya mwalimu wa kwaya, moja ya mwanamke anayeuza donati, na kadhalika. Kila mmoja ameeleza kwa maneno yake jinsi Lencho alivyobaki kivuli cha mtu. Wote wamesaini baada ya misa, kasoro padri, aliyekuwa na ubatizo. Sahihi yake naijua.

Jumanne, 10 Juni

Jambo dogo nililosahau. Karatasi. Barua zote kumi na moja nilizichapa karakana, na karatasi za karakana zina maandishi chini: *Chargualaf Viyoyozi, tunasafisha, tunajaza gesi, tunakuja siku hiyohiyo.* Na namba yangu.

Saa nne simu ikalia. Binti wa Honolulu, sauti nzuri, anaomba kuzungumza na padri Ignacio. Ningesema nini? Nikasema ndiye. Akauliza namfahamu Bwana Naputi kwa muda gani. Nikasema tangu nimbatize. Akataja mwaka aliozaliwa Lencho na akauliza kama sasa nina miaka tisini. Nikasema Mungu ni mwema. Akashukuru, akaomba nimpe simu mwalimu wa kwaya.

Nimekata. Nimewaambia wateja mtandao ulikuwa mbaya.

Jioni padri alikuja mwenyewe kwa miguu. Hakufoka. Alisema angeandika barua ya kweli kwa furaha, kama ningemwomba. Kisha akaniuliza kiyoyozi cha sakristia nitakisafisha lini. Bila malipo, nimeelewa.

Alhamisi, 12 Juni

Aibu mpya, tena ya kikazi.

Nilikwenda kwa Lole alfajiri kumfundisha Lencho majibu ya daktari. Chumbani hayupo. Amelala kwenye pikapu! Ameiegesha kinyumenyume ukutani, pua inatazama geti, kiti kimelazwa nusu. Lole anasema siku hizi analala humo. Alisema kama mtu anayetaja mvua.

Kiyoyozi cha chumba kile nilikifunga kwa mikono yangu. Hakitoi sauti kuliko mtawa. Majirani wakimwona mtu anaacha kitanda akalale garini, watasema cha Goyo hakipoozi. Nilimuuliza Lencho ana malalamiko gani nacho. Akanishika bega.

"Kiyoyozi kizuri, shemeji. Usijisumbue."

Heshima tu hiyo. Nikafungua kichujio nikakiosha. Saa mbili nzima. Hakikuwa hata na vumbi.

Ila safari haikuwa bure, maana pale pale wazo likanijia. Nimewaomba Honolulu saa tatu yao ya asubuhi, Jumatatu. Wao wako nyuma yetu saa ishirini. Kwetu itakuwa Jumanne, saa kumi na moja alfajiri. Hakuna binadamu anayeonekana mzima saa kumi na moja alfajiri. Eladio na cheti chake hawezi kupiga hesabu hiyo.

Jumanne, 17 Juni

Nimeandaa kila kitu. Jikoni nimeficha chakula chote ili asije akamkaribisha daktari kwa mazoea. Lole nimemketisha pembeni, asiseme kitu. Mimi nyuma ya kompyuta na makaratasi magumu manne: sifuri, moja, mbili, tatu. Sifuri nimeichukua kwa ukamilifu tu.

Lencho akaingia moja kwa moja kutoka kwenye pikapu, mshono wa kiti umejichora shavuni. Kwenye kioo akatokea mama wa makamo, Dakta Nakasone, miwani imening'inia kifuani. Akamuuliza hali.

Nzuri, Daktari. Na nyinyi huko, mvua imepungua?

Nikainua tatu. Lencho akanitazama. Daktari akamuuliza anatazama nini. Yule bwana hajawahi kumficha mkubwa wake kitu.

"Shemeji yangu, Daktari. Ameshika tatu."

Nikaombwa kutoka nje. Kwa ustaarabu, lakini nikaombwa. Nikasimama chini ya dirisha, kwenye ndoo ya kufulia. Vioo vya dirisha vilikuwa wazi.

Nilitegemea aanze na maswali yake tisa. Hakuanza nayo. Akasema:

"Bwana Naputi, umelala wapi?"

"Kwenye pikapu, Daktari."

"Jana tu?"

"Jana ilikuwa usiku wa mia saba na moja."

Anahesabu! Sikujua kama naye anahesabu.

Akaulizwa gari linatazama wapi. Getini. Na akisikia kitu? Anashuka, anaizunguka nyumba mara nne, anarudi. Kwa usiku mara ngapi? Sita, saba. Mbwa wa jirani wakibweka, tisa. Alijibu kama anayekabidhi lindo, sauti haipandi wala haishuki. Kisha akaulizwa anailinda nyumba dhidi ya nani. Nikasikia kiti cha Lole kikisogea. Lole, niliyemwambia asiseme kitu, akasema kwamba bunduki iko kwa kaka yake, na kwamba kila asubuhi anachungulia pikapu kwanza kabla ya kuwasha kahawa.

Lencho hakuwa akijua hilo la kahawa. Nilimsikia akiambiwa kwa mara ya kwanza.

Daktari akauliza kama bunduki imefungiwa. Nikapaza sauti dirishani kwamba iko nyuma ya mitungi kumi na minne! Akasema mitungi si kufuli. Nimenunua kufuli mbili, na kabati la chuma.

Mia saba na moja. Na mimi nilikuwa naosha kichujio.

Ijumaa, 27 Juni

Wamekubali! Dripu sita. Barua imefika juzi, leo ikawa dripu ya kwanza.

Nimemwendesha mimi, mgonjwa haruhusiwi kushika usukani siku hiyo. Amekaa kwa saa mbili kwenye kiti, muuguzi pembeni, mashine inalia pi, pi. Alisema ni kama kulala chali chini ya maji na kutazama mawingu. Akasema hakuna aliyekuja getini. Kisha akatapika kidogo, akamwomba muuguzi radhi mara tano.

Muujiza hakuna. Daktari amesema tusiutafute. Lakini tulipofika nyumbani alijinyoosha kwenye kochi, mlango wazi, akalala. Kwa saa tatu na dakika ishirini. Lole aliketi sakafuni kando yake na kidole mdomoni, anatutisha wote tusipumue. Akazima kiyoyozi, eti kisimwamshe. Kile kisichotoa sauti! Nilinyamaza. Nimejiandikia hapa.

Ugomvi ni mmoja. Eladio ameandika kumi na mbili ubaoni. Anadai kesi ni yake, maana Lole alimpelekea ukurasa mmoja alioandika kwa mkono wake, na daktari aliusoma kabla ya simu. Ukurasa mmoja! Mimi nimepeleka barua kumi na moja. Na nani alipanga saa ya alfajiri? Nani alimtoa mtu na mshono shavuni? Nimeandika tano, kwa wino.

Jumatano, 2 Julai

Mambo yanakwenda. Sifa imesambaa.

Leo amenijia Tan Engracia Taimanglo, Tan ni heshima tunayompa mama mzee, miaka sabini na mmoja, alikuwa fundi wa injini kwenye manowari miaka ishirini na sita. Nikaunusa mkono wake. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia zima. Kweli tupu, vipimo anavyo, mashahidi anao, mume wake humkoromea upande wa kushoto tangu zamani bila matatizo. Anataka Ofisi imlipie kifaa cha kusikilizia. Alitaka kumpelekea Eladio, nikamwahi kwenye ngazi.

Nikamweleza kitaalamu. Sikio moja ni dogo mno, faili jepesi hupeperuka. Tupeleke mawili. Kuanzia leo asisikie mtu yeyote, hata mume, hata padri, mpaka daktari wa Honolulu aridhike. Akaniuliza kama ni lazima. Nikamwambia amwulize Lencho nani alimpatia dripu. Akacheka, akasema haya, mwanangu, ameanza.

Saa kumi nimegundua hakusaini fomu, na mwisho wa kupokea ni kesho saa tatu. Nimekwenda kwake. Nimebisha mara kumi na mbili. Namwona dirishani, ameketi anatazama televisheni bila sauti, hageuki. Nimeita kwa jina. Nimepiga honi. Jirani zake wote wametoka. Yeye hata kope!

Kwa saa mbili na nusu sasa nimekaa barazani kwake na kalamu mkononi. Mwanamke ana kipaji. Kesi hii ya sita naihesabu kuanzia sasa.