Meza ya Maziko

Jumatatu, 3 Juni

Leo mteja wa tatu amepita mbele ya meza yangu bila hata kusimama. Kamwendea Pokuaa wa meza ya pili. Miaka tisa vijitabu vya maziko vya mtaa mzima wa Bantama vimetoka mikononi mwangu, na huyu ana miezi minne tu hapa kwenye kibanda cha kuchapa. Namwonea wivu. Daftari ni langu, nimdanganye nani?

Kisa ni programu yake mpya ya kuandikia. Watu wanaipenda kwa sababu ina rangi. Tena inahifadhi kazi yenyewe! Mtu mzima huhifadhi kazi yake kwa kidole chake. Yangu ni ya zamani, tunajuana. Haihifadhi kitu usipoiambia. Wiki iliyopita umeme ulikatika nikapoteza kurasa kumi na moja, lakini nilizipoteza kwa heshima.

Jioni Madam Frema, mwenye kibanda, akatuita. Opanin Amankwaa, mzee mkuu wa ukoo mkubwa kabisa, kafiwa na dada yake, bibi Yaa Birago, miaka themanini na minne. Kila mmoja wetu atengeneze kijitabu cha mfano, ukoo utachagua Ijumaa. Atakayechaguliwa ndiye mwenye meza ya maziko. Mwingine atahamia kule karibu na choo, achape mitihani ya shule za msingi.

Mitihani! Mimi!

Jumanne, 4 Juni

Nilimvizia Opanin Amankwaa mlangoni nikamnong'oneza kwamba kompyuta ya Pokuaa ina virusi. Akarudi nyuma hatua mbili, akafunika pua kwa nguo yake ya msiba, akauliza kama wanaambukiza. Nikasema kidogo. Akanitazama vizuri. Nina mafua tangu Jumapili. Akaenda kukaa kwa Pokuaa.

Halafu picha. Marehemu ana picha moja tu: anatwanga mihogo ya fufuo, kakunja uso. Pokuaa kamtoa jikoni, kamvika nguo ya kente ya sherehe, kamwekea maua nyuma. Nilipopita nikasema kente imezidi. Uongo. Ilimkaa vizuri sana, roho ikaniuma.

Mimi nilijaribu kuisogeza picha kushoto. Kidogo tu! Maneno yote yakakimbilia ukurasa wa nne, marehemu na mchi wake akakalia jina la mchungaji, na wajukuu kumi na tisa wakatoweka. Sijawapata hadi sasa.

Jumatano, 5 Juni

Nimezima ule mstari mwekundu unaojichora chini ya maneno. Niandike Birago, unachora. Amankwaa, unachora. Andika jina la Mzungu yeyote, kimya! Siwezi kusahihishwa na kitu ambacho hakijawahi kula kenkey.

Saa saba Pokuaa alikwenda kununua waakye, wali wake wa maharagwe. Nikachomeka flashi kwenye kompyuta yake. Nilikuwa nataka kijitabu kimoja tu, kile cha mwezi uliopita cha bibi mmoja wa Amakom, Ama Serwaa. Watu walikililia wiki nzima. Kuna mahali kaandika kwamba bibi huyo alianza kucheka kabla hajamaliza kusimulia, hata usiujue mwisho wa hadithi. Nami nililia hapo, chooni, maji yakiwa wazi ili nisisikike.

Kwenye programu yangu kilifunguka kwa kusuasua. Picha ziligoma, maneno yakaja. Ninachotaka ni maneno.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya ushindi. Yule ni Ama, jina la mwanamke aliyezaliwa Jumamosi. Huyu ni Yaa, la aliyezaliwa Alhamisi. Wote mabibi, wote wa Amakom. Herufi tatu kwa herufi tatu! Kwanza nikaondoa Serwaa na jamaa wa yule, nikaandika Birago na jamaa wa huyu. Kisha nikaiambia programu: kila penye ama, weka Yaa. Nikabonyeza Badilisha Zote. Ikajibu imebadilisha mara sitini na moja.

Sitini na moja! Marehemu gani katajwa mara sitini na moja? Nikaona hiyo ndiyo heshima anayostahili. Sikupoteza muda kusoma tena. Pokuaa husoma kazi yake mara mbili, huku midomo ikitikisika. Anayejua kazi hasomi.

Ijumaa, 7 Juni

Ukoo ulikuja watu wanane, wamevaa nguo nyeusi na nyekundu za msiba, wakakaa kwenye benchi. Opanin akavaa miwani akaanza na changu, kwa sauti.

Marehemu alizaliwa Yaakom. Akausogeza ukurasa karibu na macho. Alikuwa mYaa wa watoto saba. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Alianza kucheka kabla hajamaliza kusimulia. Hapo wakatazamana. Mama mmoja akasema Yaa Birago hakuwahi kucheka, labda siku ya uhuru. Opanin akaendelea hadi kwenye jina la kaka aliyebaki, yaani lake mwenyewe: Opanin Kwaku Yaankwaa.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa Jumatano, tena mwanamume. Nani kanigeuza mwanamke wa Alhamisi?"

Benchi zima likacheka. Watu wa msiba! Nikasema ni virusi. Nikasema wametoka kwa Pokuaa. Madam Frema akafunga macho.

Pokuaa alikuwa ameokota kurasa zangu, anazisoma mara mbili kama kawaida yake.

"Kaka Kwabena," akasema, "hayo ya kicheko nilimwandikia shangazi yangu. Ama Serwaa ndiye aliyenilea."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepandisha na mimi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Halafu, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu tena. Mimi nimelelewa na mjomba ambaye hana hata sentensi moja ya kumwandikia.

Wakachagua kijitabu chake. Nikahamisha kiti mwenyewe.

Jumatatu, 10 Juni

Karibu na choo. Hesabu, darasa la tatu.

Nimefikiri sana, kosa si langu. Birago angezaliwa Jumamosi, haya yote yangetokea wapi?

Mchana Pokuaa akaja na kiti chake. Akaniuliza kama ningependa anifundishe ile programu mpya. Nikakubali, kwa nia ya kupeleleza. Akanifundisha saa nzima bila dharau, hata waakye wake akaniachia nusu. Naandika mara moja tu, na sitarudia: ni programu nzuri. Picha ukiiweka inakaa. Nilisogeza moja kushoto, kulia, kushoto tena, wala hakuna mjukuu aliyepotea. Nusura nimwombe msamaha. Maneno yalikuwa yamefika hapa kooni.

Hapo hapo Madam Frema akapita, akatazama picha yangu ilivyotulia, akasema, "Pokuaa, wewe ni mwalimu mzuri."

Mwalimu! Aliyejifunza nani? Kazi yote nimefanya mimi, sifa kabeba yeye. Kesho natafuta mtu asiyejua kitu kabisa, nimfundishe mbele ya Madam.