Ndege Mwizi wa Chipsi

Jamani, aibu yangu ya leo itafika kambini Dzaleka kabla yangu. Afadhali muisikie kwangu kwanza.

Asubuhi nimetoka bila mpango. Wanaonijua hawatashangaa. Shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inakaa sehemu moja, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kutoka. Leo tofauti ni kwamba nilitoka na mtoto wa watu.

Mtoto mwenyewe ni Neema, binti wa marehemu kaka yangu. Wiki ijayo yeye na mama yake wanapanda ndege kwenda kuishi Uingereza, katika mji ulio kando ya bahari. Mimi simo katika safari hiyo. Tatizo ni kwamba Neema naye alikuwa ameapa haendi. Walipokimbia kutoka Uvira, kule Kongo, mtumbwi wao ulipinduka ziwani. Neema na mama yake walitoka. Kaka hakutoka. Tangu siku ile maji anayoyakubali mtoto huyu ni ya kwenye beseni.

Sasa shangazi yake aliyetangulia huko Uingereza, badala ya kunyamaza, anatuma sauti kwenye simu kila jioni. Eti kila Jumamosi familia zinakwenda ufukweni. Eti ufuko wenyewe ni mawe matupu. Kuna daraja linaloingia baharini na kuishia humohumo bila kufika ng'ambo, na watu wanafurahi kulitembelea (nilirudia kusikiliza mara kadhaa, ndivyo alivyosema). Kuna nyumba ya samaki wanaokaa nyuma ya vioo, wanatazamwa tu, hakuna anayewala. Na kuna ndege weupe wakubwa kama kuku, wanaonyakua chipsi mkononi mwa mtoto. Mimi nilisikiliza mdomo wazi. Neema alisikiliza akaingia chini ya kitanda.

Jana shemeji alinijia amechoka. "Shemeji, siwezi kumufunga kamba sawa mbuzi nimuingize mu ndege. Huyu mutoto akikataa, safari imekufa."

Nikamwambia aniachie mimi. Mimi mtoto wa Uvira, maji nayajua. (Nilikuwa naoga pale yanapofika magoti. Hilo sikulitaja.)

Basi asubuhi nikavaa suti, ile niliyoiweka kwa ajili ya ibada ya kuwaaga Jumapili. Ukienda Lilongwe bila suti, kila mtu anajua unatoka kambini. Ukienda na suti wanajua pia, lakini wanakusalimia. Neema akajitanda pagne, yaani kitenge, ya mama yake mabegani. Barabarani tukapata matola, gari la mizigo linalobeba na watu, tukakaa juu ya kabichi. Neema akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia tutajua tukifika.

Gari liliishia mtaa wa Area 49. Tukatembea tukitazama mageti ya watu, mpaka tukakuta loji moja yenye bango la watoto wanaocheka majini. Hapo mpango ukazaliwa. Nikanunua chipsi na kabichi kando ya barabara, nikazificha ndani ya koti maana chakula cha nje kimekatazwa, tukalipa kiingilio, tukaingia.

Neema aliona bwawa la kuogelea akaganda. Tulikaa mbali, kwenye kona ya ukuta. Ng'ambo ya bwawa kulikuwa na familia zinazosherehekea siku ya kuzaliwa ya mtoto fulani, na maputo na keki.

Nikaanza somo. Nikamwambia ile ndiyo bahari. Vile viti ndio ufuko. Wale wenye keki ndio Bazungu.

"Bazungu bako beusi," akasema Neema.

Nikamwambia asiharibu. Nikampa chipsi azishike, nikasimama mbali kidogo, nikatanua koti kwa mikono miwili, na mimi nikawa ndege mweupe wa Uingereza. Nililia kama ndege. (Sijui wanaliaje. Nililia kama kuku aliyeona nyoka.) Nikaja mbio, nikanyakua chipsi kwa mdomo, nikakimbia.

Neema akacheka.

Mnisikilize vizuri. Yule mtoto alicheka akiwa anaona maji. Mtu mwenye akili angeishia pale, anunue soda, arudi nyumbani mshindi. Lakini na wale watoto wa sherehe walikuwa wamekuja kuangalia, wananinyooshea chipsi zao, wazazi wao wanapiga picha. Sijawahi kupendwa hivyo na umati. Nikazidisha. Nikaiba chipsi kushoto, nikaiba kulia, nikainua kichwa kumeza kama ndege, nikarudi kinyumenyume nikipiga mbawa.

Ndege hana macho kisogoni.

Maji ya bwawa yana ladha ya dawa ya kusafishia choo. Suti ikanywa maji ikawa nzito kama mtu mwingine aliyenipanda mgongoni. Nikapanda juu, nikasikia makofi. Nikainua mikono kuomba msaada. Makofi yakaongezeka. Walidhani onyesho linaendelea, na kwa kweli sikuwa nimewapa sababu ya kudhani vinginevyo. Nikazama nikamfikiria kaka. Nikajiuliza kama na yeye alisikia kitu mara ya mwisho alipopanda juu ya maji, na kilikuwa nini.

Pale nje aliyeelewa ni mmoja tu. Neema amewahi kuona mtu akifa majini. Hakuhitaji kuelezwa.

Nilipotoa kichwa tena nikamwona amelala kifudifudi ukingoni, mikono yote miwili ndani ya maji mpaka mabegani, anarusha ncha ya pagne.

"Baba mudogo, kamata! Usiachilie!"

Ndivyo mama yake alivyomrushia yeye siku ile ziwani. Kaka alikuwa mbali, pagne haikumfikia.

Nikakamata. Mtoto mwembamba kama ufagio, anavuta mtu mzima na suti yake, meno amekaza. Ndipo mhudumu wa bwawa akaingia majini bila haraka, na nguo zake za kazi. Maji yalimfika kifuani. Yule bwana ni mfupi kuliko mimi.

"Imirira," akaniambia kwa Chichewa. Simama.

Nikasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Kimya kile, ndugu zangu, ningekubali kuzama tena kuliko kukisikia. Kisha dada mmoja mwenye simu, aliyekuwa amenasa yote tangu mlio wangu wa kwanza wa kuku, akaanza kucheka.

Neema hakucheka. Pagne bado alikuwa ameikamata.

"Ulisema we mutoto ya Uvira."

"Njo wa Uvira," nikamwambia. "Lakini ya kule mulimani."

Tulitolewa nje kwa heshima. Kiatu changu kimoja kilivuliwa kwa wavu wa kuokotea majani. Kila dereva wa kwenda Dzaleka alitazama suti yangu, akatazama kiti chake, akaondoka. Shemeji aliwahi kumtaja mama mmoja wa Bukavu, mshonaji, anayejuana naye kanisani, anakaa Area 23. Sikuwahi kufika kwake. Mwenye kabaza akakubali kumbeba Neema kwenye baiskeli. Mimi nikakimbia nyuma yao, viatu vinalia kama vyura, mpaka Area 23.

Yule mama alisikiliza kisa chote kutoka kwa Neema, akaweka mkasi chini.

"Bantu ya Bukavu tunajua ziwa yetu inauaka, tunaiheshimu. Sasa we wa Uvira umeshindwa na mayi ya kulipia?"

Akatupokea. Tutalala hapa, kwenye mkeka kati ya cherehani zake. Nguo kavu ya kunitosha ilikuwa moja tu, gauni la kwaya ya akina mama, zambarau, lenye mabega ya kupanda. Ndilo nililovaa sasa hivi, naandika kwa simu yake.

Kabla ya kuniazima simu, alimpigia shemeji. Nikajiandaa kutukanwa. Neema akaomba aongee yeye.

"Mama, tutaenda. Niliingiza mikono. Mayi haikunikamata."

Upande wa pili shemeji akaanza kulia, na mimi nikainama kutazama gauni langu. Nilitoka asubuhi ili mtoto aweze kuniacha. Kazi imekwisha.

Neema ameikamua pagne, ameikunja, ameniwekea mapajani.

"Bakia nayo, baba mudogo. Mi nitakuwa mbali."

Basi Jumapili kwenye ibada, mkiniona na suti iliyonywea, nimejifunga pagne ya mwanamke kiunoni, msicheke. Atakayeshindwa kujizuia, ajiulize kwanza pagne yake atarushiwa na nani.