Nywele za Bi Mwamvua

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimeanza kozi ya kuandika matangazo. Inafundishwa kwa simu na kocha wa Dar ambaye hajawahi kuniona na tayari ananiita bingwa. Darasa la kwanza: usiuze bidhaa, uza maumivu ya mteja. Nimelitafakari mchana kutwa. Sisi Pangani tumekuwa tukiuza bidhaa miaka yote. Ndiyo maana hatuendelei!

Leticia, mke wangu, hupika mafuta ya nazi uani na kuyauza bila tangazo lolote. Mteja wake mkubwa ni jirani yetu Bi Mwamvua, somo anayesinga maharusi na kuwapaka mafuta kabla ya ndoa. Jumamosi ana harusi ya Sabra, na ameagiza madumu mawili. Leticia anaiita biashara. Mimi naona ni bahati tu.

Jumanne, 5 Agosti
Darasa la pili: ushuhuda. Nani ashuhudie? Bi Mwamvua, bila shaka. Kumsumbua kwa kumuuliza sikuona sababu. Mtu ana harusi. Nimemwandikia mwenyewe: "Mimi Bi Mwamvua, nywele zangu zilikatika hadi nikaona haya kujitazama kwenye kioo. Leo zinafika kiunoni. Asante mafuta ya Leticia!" Hapo kwenye kioo machozi yalinilengalenga. Nimetuma kwenye kundi la mtaa. Wamesoma wote. Hakuna aliyeagiza. Nadhani bado wanalia.

Jumatano, 6 Agosti
Mzee Yasini, mume wa Bi Mwamvua, kaja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za kazi, hata za kuku. Kisha akasema taratibu: "Asheri, nywele za mke wangu umezionea wapi?"

Bi Mwamvua hata kuanika nguo hutoka na mtandio. Miaka kumi na moja ya ujirani sijaona unywele wake mmoja. Nikasema ni mbinu ya uandishi. Akasema mama yake Sabra ametuma mtu kuuliza kama ni kweli somo ana kipara. Akaniaga kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko kofi.

Jioni tumesikia Bi Mwamvua ataagiza kwa Rahimu, yule mwenye kipande cha boksi kilichoandikwa MAFUTA YAPO. Basi! Hakuna maumivu, hakuna ushuhuda. Yapo!

Leticia hakugomba. Amekaa mbele ya madumu yake, viganja vimejaa malengelenge ya kukuna nazi. Nimeona aibu. Kweli kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeandika barua ya kuomba radhi kwa kanuni zote za kozi. Kichwa: "Siri ya kusamehe ambayo majirani wengi hawaijui." Mwisho: "Ofa hii ya suluhu inafungwa kesho." Leticia kaisoma hadi mwisho, akawashia jiko. Kisha akajitanda khanga, akaniambia nimfuate na nisifungue mdomo.

Bi Mwamvua alitupokea barazani. Leticia akasema: "Mume wangu amekukosea. Na mimi nimo, maana jina langu lilikuwemo." Akaishia hapo. Niliona nafasi tano nzuri za kuweka ushawishi, nikazimeza zote.

Bi Mwamvua akatuambia mama yake Sabra amekuja mwenyewe, akaingizwa chumbani, akaonyeshwa nywele, akatoka ameridhika. Kisha akamshika Leticia viganja, akavitazama. "Mafuta yako niletee, mwanangu. Huyu mwenzio abebe, ila abebe kimya."

Nimebeba. Kimya.

Jumapili, 10 Agosti
Harusi imepita salama. Leo kanisani sikusikia mahubiri, nilikuwa nawaza. Kwa nini maneno machache ya Leticia yaliingia, na yangu yote yakagonga ukuta? Nafikiri ni kwa sababu hakuwa anauza chochote. Alikuwa amesikitika, akasema. Nimekaa na wazo hili hadi alasiri, na kwa muda nilimwonea mke wangu fahari.

Wazo zito namna hii si la kukaa nalo peke yangu. Nimefungua kundi la kufundisha watu kuomba radhi. Tangazo lilikuwa tamu ila limekosa ushuhuda, nikaandika: "Mimi somo wa Pangani, nilikuwa na hasira hadi chakula hakipiti. Asheri akanituliza." Jina lake safari hii sikuliweka, maana nimejifunza. Nimeweka picha ya mlango wake.